Mkuki, upinde au gumegume? Namna rugaruga wa Unyamwezi walivyochagua silaha

Na Mwandishi Wetu

MPIGANAJI wa karne ya 19 katika nchi ya Unyamwezi hakuchagua silaha kwa ukali wake pekee. Kabla ya kutazama ncha ya mkuki au mtutu wa bunduki, yeye na mtemi wake walilazimika kujiuliza maswali matatu: adui atakuwa umbali gani, mpiganaji atapata nafasi ya kupiga mara ngapi kabla ya kufikiwa, na silaha ikivunjika au kuishiwa, nyingine itatoka wapi.

Swali hilo la tatu ndilo lililoamua hatima ya tawala kadhaa zilizokuwa kandokando ya njia kuu ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Vijana wa mijini wanaocheza michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti wanaufahamu uchaguzi wa aina hiyo. Katika mchezo wa World of Warcraft, uliozinduliwa mwaka 2004, mchezaji aliyejiunga na daraja la wapiganaji huamua kama atashika upanga na ngao, au silaha moja kubwa ya mikono miwili. Ngao humpa kinga, silaha kubwa humpa pigo zito, wala hawezi kuvipata vyote kwa wakati mmoja.

Rugaruga wa Unyamwezi alikabiliwa na mizani ya namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba aliyekosea hakupewa nafasi ya kuanza mchezo upya.

Rugaruga walikuwa nani

Rugaruga walikuwa vijana, wengi wao wasio na wake wala watoto, waliojiunga na watemi au wababe wa vita na kuishi kwa kazi ya mapigano. Baadhi walikuwa wapagazi walioacha misafara, wengine mateka wa vita, na wengine watu waliopoteza makwao kutokana na biashara ya utumwa na uvamizi wa mara kwa mara.

Kabla ya kutokea kwao, watu wa kawaida ndio waliokwenda vitani walipoitwa na mtemi, kisha wakarejea mashambani. Rugaruga hawakurejea mashambani. Walikuwa jeshi la kudumu, na malipo yao yalikuwa sehemu ya nyara pamoja na hisani ya mkuu wao.

Mtemi Mirambo, aliyezaliwa karibu mwaka 1840 na kurithi utawala mdogo wa Uyowa, ndiye aliyewatumia kwa mafanikio makubwa zaidi. Mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876 na kuchanjana naye damu kwa undugu, aliandika kuwa Mirambo alipendelea kupigana akiwa na vijana, kwa sababu waliooa hufikiria nyumba zao wakiwa vitani, ilhali vijana wana macho makali na viungo vyepesi.

Maelezo hayo yanagusa moja kwa moja suala la silaha. Jeshi la vijana wepesi, wanaotembea usiku na kushambulia alfajiri, halikuhitaji silaha nzito. Lilihitaji silaha zinazobebeka kwa mwendo wa siku nyingi porini, na zinazofanya kazi mara tu zinapohitajika.

Silaha zilizotengenezwa nyumbani

Silaha za kwanza za Mnyamwezi zilikuwa mkuki, upinde na mishale, shoka la vita na rungu. Zote zilikuwa na sifa moja kubwa: zilitengenezwa na mafundi wa humohumo nchini.

Chuma hakikuwa adimu. Wahunzi wa Usumbwa na wale wa jamii ya Warongo, kaskazini-magharibi mwa Tabora, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo na kuuza majembe katika eneo kubwa la magharibi. Fundi aliyeweza kufua jembe aliweza pia kufua ncha ya mkuki, na jembe bovu liliweza kugeuzwa kuwa mkuki kwa kazi ya siku moja.

Upinde ulikuwa silaha ya mbali na ya kimya. Mpigaji hodari aliweza kufyatua mishale kadhaa ndani ya dakika moja, na hakutoa moshi wala mlio wa kuonyesha alikojificha. Udhaifu wake ulikuwa katika mafunzo, kwani mtu alihitaji miaka mingi, aghalabu tangu utotoni, ili awe mlenga shabaha wa kutegemewa. Mbabe wa vita aliyekusanya vijana kutoka kila upande hakuwa na muda huo.

Mkuki ulikuwa wa aina mbili kwa matumizi. Mkuki mwepesi ulirushwa, lakini ukishatoka mkononi ulikuwa umekwenda, na adui aliweza kuuokota na kuurudisha. Ndiyo maana mpiganaji alibeba zaidi ya mmoja. Mkuki wa kuchoma haukutoka mkononi, hivyo haukuisha, lakini ulimlazimu mwenye nao kumsogelea adui hadi hatua moja au mbili.

Shoka na rungu zilikuwa silaha za mwisho, za kutumiwa watu wanapokwisha kuvaana. Hakuna aliyezitegemea peke yake, lakini wachache walikwenda vitani bila mojawapo kiunoni, kwa kuwa hazikuongeza mzigo mkubwa.

Somo la Wangoni

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakuletwa na bunduki bali na mkuki mfupi. Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo cha Zwangendaba waligawanyika, na kundi moja lililojulikana kwa jina la Watuta likaelekea kaskazini hadi pande za Unyamwezi.

Watuta walikuja na mkuki mfupi wa kuchoma, ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe, na jambo lililokuwa na uzito kuliko vyote viwili: nidhamu ya vikosi vilivyopangwa kwa rika. Askari wao hakurusha mkuki wake. Alisogea akiwa amejikinga, akamfikia adui aliyekwisha kurusha mikuki yake yote, kisha akachoma.

Mirambo alijifunza mbinu za Wangoni hao, na baadhi yao wakawa washirika wake vitani. Kwake somo kuu lilikuwa kwamba silaha ya karibu huwa na nguvu iwapo kuna utaratibu wa kumfikisha mpiganaji karibu na adui akiwa hai.

Hata hivyo, ngao kubwa haikuenea miongoni mwa rugaruga kama ulivyoenea mkuki. Sababu zake ni za wazi. Ngozi ya ng'ombe huzuia mshale na mkuki lakini haizuii risasi, na mtu anayeshindilia bunduki anahitaji mikono yake yote miwili.

Gumegume na masharti yake

Bunduki iliyoenea zaidi katika njia ya misafara ilikuwa gumegume, yaani bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa cheche za jiwe. Ilifika Tabora pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, ambao walikuwa wameanzisha makazi yao hapo, mahali palipoitwa Kazeh, kabla ya wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke kuwasili Novemba 1857.

Kuitumia kulihitaji hatua nyingi. Mpiganaji alipima baruti na kuimimina mtutuni, akaweka kitambaa au nyuzi, akatumbukiza risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akatia baruti laini kwenye kisahani kidogo kilicho kando ya mtutu. Alipovuta kilimi, jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia kisahani, na moto ukapenya tundu hadi ndani.

Askari wa Ulaya aliyezoezwa kila siku aliweza kurudia hatua hizo mara 2 au 3 kwa dakika. Kwa kijana asiye na mazoezi hayo, akiwa na baruti ya ubora wa chini, muda ulikuwa mrefu zaidi. Mtutu wake haukuwa na mifuo ya ndani ya kuizungusha risasi, hivyo shabaha yake ilikuwa ya kutumainiwa kwa umbali usiofika mita 100.

Kijana mwenye mbio anaweza kukata mita 50 kwa chini ya sekunde 10. Maana yake ni kwamba mwenye gumegume alipata risasi moja tu dhidi ya mshambuliaji mwenye mkuki. Akikosa, au mvua ikiwa imelowesha baruti na cheche zisishike, bunduki yake iligeuka kuwa rungu zito la kilo 4 au 5.

Pamoja na kasoro hizo, gumegume lilikuwa na faida tatu zilizolifanya litafutwe na kila mtemi. Kwanza, kijana aliweza kufundishwa kulitumia kwa siku chache, si kwa miaka kama upinde. Pili, risasi yake ilipenya ngao na kumjeruhi vibaya aliyepigwa. Tatu, lilikuwa chombo cha kuwindia tembo, na pembe za tembo ndizo zilizonunua baruti na bunduki nyingine.

Kutokana na hali hiyo, rugaruga aliyejua kazi yake hakuchagua kati ya bunduki na mkuki. Alibeba vyote viwili. Risasi ya kwanza ilifyatuliwa kwa karibu, adui akiwa kwenye mstari na hajajiandaa, kisha mkuki ukamaliza kazi kabla moshi haujatawanyika.

Vita vya 1871

Mfano ulio wazi wa mbinu hiyo ulitokea Agosti 1871. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji kutokana na ugomvi wake na Waarabu wa Tabora, ukiwamo wa hongo, yaani ushuru wa misafara. Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Dk. David Livingstone, alikuwa amewasili Juni baada ya safari ya takriban miezi 3 kutoka Bagamoyo, akajiunga na Waarabu katika vita hivyo.

Jeshi la Tabora lilikuwa na watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa na bunduki. Kwa hesabu ya silaha, Mirambo hakuwa na nafasi kubwa ya kushinda.

Kikosi kimoja, kikiongozwa na Saud bin Said bin Majid, kilikwenda kuushambulia mji wa Ulyankulu na kuuteka. Wapiganaji wake walibeba pembe, watumwa na mali nyingine, wakaanza kurejea. Mirambo, ambaye alikuwa ameuacha mji kwa makusudi, aliwaweka watu wake pande zote mbili za njia, wamelala kwenye nyasi ndefu.

Waliokuwa wakirudi walikuwa na bunduki, lakini walikuwa na mizigo pia. Mtu aliyetwishwa pembe hana mikono ya kushindilia baruti. Rugaruga walipoinuka kutoka majanini, umbali ulikuwa umekwisha kufutika, na faida yote ya bunduki ikafutika nao. Saud aliuawa pamoja na wengi wa wafuasi wake.

Waliobaki walikimbilia Tabora. Kabla mwezi huo haujaisha, Mirambo aliushambulia mji wenyewe na kuchoma sehemu yake, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu mashuhuri, aliuawa baada ya kutoka nje kupambana naye. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili kufika Ujiji, alikokutana na Livingstone Novemba mwaka huo.

Tukio la Ulyankulu linaonyesha kuwa ubora wa silaha haupo ndani ya silaha yenyewe. Bunduki ni bora kuliko mkuki kwa umbali wa mita 50, na mkuki ni bora kuliko gumegume kwa umbali wa mita 5. Kamanda mwenye akili hujitahidi kuchagua umbali, si silaha pekee.

Funzo kama hilo lilirudiwa miaka 20 baadaye katika nchi ya Uhehe, kusini-mashariki mwa Unyamwezi. Agosti 17, 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa. Askari wa Kamanda Emil von Zelewski walikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini walikuwa wakitembea kwa mstari mrefu porini. Wahehe waliwafikia kwa mikuki kabla hawajajipanga, Zelewski akauawa pamoja na askari zaidi ya 200.

Kwa nini bunduki mpya haikuwa bora daima

Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia na kuchukua zile zinazotiwa risasi kwa nyuma. Waingereza walichukua Snider, kisha Martini-Henry. Prussia ilikuwa na bunduki yake ya sindano, iliyoipatia sifa katika vita ya mwaka 1866 dhidi ya Austria.

Mabadiliko hayo yaliacha maghala ya Ulaya yakiwa yamejaa bunduki za zamani zisizo na kazi. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ndogo, na nyingi zikapelekwa Zanzibar kisha bara. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Miongoni mwake zilikuwamo bunduki za fataki, ambazo kimsingi ni za kushindilia, lakini badala ya jiwe hutumia kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka inapogongwa. Fataki haijali sana mvua wala upepo, na hufyatuka kwa uhakika zaidi. Kwa kipimo cha kiwandani, ni silaha bora kuliko gumegume.

Lakini kwa mpiganaji aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka pwani, hesabu ilikuwa nyingine. Jiwe la gumegume liliweza kuokotwa na kuchongwa, na risasi iliweza kuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi wa kijijini. Fataki haikuwa na mbadala. Zilipokwisha, bunduki nzima ilikuwa haina kazi.

Bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma zilikuwa na sharti gumu zaidi. Ziliweza kufyatua mara nyingi kwa dakika, lakini zilikula risasi zenye ganda la shaba zilizotengenezwa kiwandani, ambazo hakuna fundi wa Unyamwezi aliyeweza kuziunda. Kadiri silaha ilivyokuwa ya kisasa, ndivyo mwenye nayo alivyozidi kumtegemea mtu wa mbali.

Baruti kama siasa

Kitu kimoja kilihitajika na bunduki zote za kushindilia, nacho ni baruti. Hiyo ilitoka ng'ambo kupitia Zanzibar, ikabebwa na wapagazi kutoka pwani. Kila kiasi kilichofika Tabora kilikuwa kimepita mikononi mwa wafanyabiashara na katika himaya za watemi waliodai hongo.

Aliyeidhibiti njia aliidhibiti baruti, na aliyeidhibiti baruti aliidhibiti vita. Hiyo ndiyo sababu mapambano ya Mirambo na Waarabu wa Tabora hayakuwa ugomvi wa mpaka tu. Seyyid Barghash wa Zanzibar aliyatambua hayo, akapeleka askari kuwasaidia watu wake wa Tabora. Vita hivyo viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1870, pande zote mbili zikiwa zimechoka.

Mirambo, ambaye tayari alikuwa ameshinda kwa mkuki na gumegume, alitumia miaka iliyofuata kutafuta njia yake mwenyewe ya kufika pwani. Alishirikiana na mfanyabiashara Mswisi Philippe Broyon, akamkaribisha Dk. Ebenezer Southon wa Jumuiya ya Wamisionari ya London mwaka 1879, na akatafuta urafiki na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar.

Jitihada hizo ziliharibika mwaka 1880, Waingereza wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, walipouawa huko Pimbwe wakati wa shambulio la majeshi ya Mirambo na washirika wake. Imani ya Kirk kwa mtemi huyo ilitoweka.

Mirambo alifariki Desemba 2, 1884. Nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake Mpandashalo, lakini dola aliyoijenga haikudumu kwa umoja wake.

Mwezi huohuo alifariki pia Nyungu ya Mawe, mbabe mwingine mkubwa wa vita, ambaye alitoka ukoo wa watemi wa Unyanyembe na kujijengea himaya katika Ukimbu, kusini mwa Tabora. Yeye alirithiwa na binti yake, Mgalula.

Silaha ya hofu

Maelezo ya wakati huo yanawataja rugaruga wakiwa wamejifunga vitambaa vyekundu, wamejipamba manyoya, na wengine wakiwa wamevaa mapambo yaliyotokana na miili ya maadui waliouawa. Kwa macho ya leo ni ukatili mtupu, na kwa waliotendewa ulikuwa hivyo wakati ule pia.

Lakini mavazi hayo yalikuwa na kazi. Kijiji kilichozungukwa na boma la miti na uzio wa minyaa kiliweza kuhimili jeshi dogo kwa siku nyingi, na mshambuliaji asiye na mizinga alipoteza watu na baruti kila siku iliyopita. Hofu ilifungua milango ambayo risasi zilishindwa kuivunja.

Mlio wa bunduki nao ulihesabiwa katika mizani hiyo. Gumegume lililokosa shabaha bado lilitoa moto, moshi na kishindo, na mahali ambapo bunduki zilikuwa ngeni, kishindo hicho kiliwatawanya watu. Kadiri bunduki zilivyoenea, faida hiyo ilipungua, na kilichobaki ni kulenga na kupata.

Gharama ya haya yote ililipwa na wakulima, wapagazi, wanawake na watoto waliotekwa. Vijiji vilihamia ndani ya maboma, mashamba ya mbali yakaachwa, na watu wengi wakaishia kuuzwa.

Mwisho wa mtemi Isike

Hakuna tukio linaloeleza utegemezi wa baruti kuliko kifo cha Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyetawala kuanzia miaka ya 1870. Ngome yake ya Kwikuru, karibu na Tabora, ilikuwa miongoni mwa zile imara kabisa katika magharibi mwa nchi. Tofauti na Mirambo aliyepigana kwa mwendo, Isike aliweka nguvu zake katika kuta, bunduki na ghala.

Kwa vita vya kuta, bunduki ya kushindilia ilikuwa chaguo sahihi. Mpigaji aliyejificha nyuma ya tundu la ukuta alikuwa na muda wa kushindilia upya, na mwenye mkuki hakuweza kumfikia. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa mbele ya ngome hiyo.

Wakati huo, hata hivyo, mlango wa silaha ulikuwa ukifungwa. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini Julai 2, 1890, ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kilichoruhusiwa, tena kwa udhibiti wa serikali za kikoloni, kilikuwa bunduki za jiwe zisizo na mifuo na baruti ya kawaida.

Kwa maneno mengine, mataifa ya Ulaya yalijiwekea bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma na kumwachia Mwafrika gumegume. Tofauti ya silaha, ambayo hadi hapo ilitokana na bei na umbali, sasa ilikuwa imewekwa kisheria.

Januari 1893 kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Luteni Tom von Prince kiliivunja ngome ya Kwikuru. Isike, alipoona maadui wamekwisha kuingia, aliiwasha baruti iliyokuwa ghalani ili ajilipue pamoja na ngome yake. Inaelezwa kuwa Wajerumani walimkuta akiwa bado na uhai, wakamnyonga.

Muhtasari wa uchaguzi

Kwa ufupi, silaha za rugaruga zinaweza kupangwa kwa kazi zake kama ifuatavyo.

Mkuki mfupi wa kuchoma ulifaa kwa shambulio la ghafla, porini au usiku. Haukuisha, haukulowa, na ulitengenezwa nyumbani. Ulimtaka mwenye nao awe na nidhamu na ujasiri wa kusogea.

Mkuki wa kurusha ulifaa kuvunja mstari wa adui kabla ya kuvaana, lakini ulitumika mara moja tu.

Upinde ulifaa kwa kuvizia na kuwinda, kwa kuwa ulikuwa wa haraka na wa kimya. Ulihitaji miaka ya mazoezi na haukufua dafu mbele ya ngao kubwa.

Shoka na rungu zilikuwa akiba ya mwisho, za kupigania ana kwa ana.

Gumegume lilifaa kwa risasi ya kwanza ya mtego, kwa ulinzi wa boma na kwa tembo. Lilikuwa zito, la polepole na lenye kuiogopa mvua, lakini liliweza kukarabatiwa na kulishwa kwa vitu vya karibu, isipokuwa baruti.

Bunduki ya fataki ilikuwa ya uhakika zaidi kuliko gumegume maadamu fataki zipo, na ya kisasa ya kutiwa risasi kwa nyuma ilizishinda zote maadamu risasi zipo. Kwa mtemi asiyekuwa na pwani, neno "maadamu" ndilo lililokuwa na uzito.

Kumbukumbu zilizobaki

Jina la rugaruga halikufa pamoja na watemi hao. Wajerumani wenyewe waliwatumia wapiganaji wasaidizi wa jina hilo, wakiwamo wale wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilikuwa imekwisha kuiondolea njia ya miguu umuhimu wake.

Leo wilaya ya Urambo inabeba kumbukumbu ya Mirambo, na jina lake limo pia katika mtaa wa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nje kidogo ya mji wa Tabora, huko Kwihara, lipo tembe la makumbusho mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872, wakati vita vya Mirambo vikiwa bado vinaendelea.

Mgeni anayefika huko akitazama bunduki kuukuu na mkuki uliolika kutu anaweza kudhani kwamba kimoja kilikuwa cha zama za giza na kingine cha maendeleo. Historia ya Unyamwezi inaonyesha vinginevyo. Mkuki ulikuwa wa mwenye nchi tangu machimboni hadi mkononi. Bunduki ilikuwa na nguvu zaidi, lakini kila ilipofyatuliwa ilimkumbusha mtemi kwamba pumzi yake iko Zanzibar, na nyuma ya Zanzibar iko Ulaya.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Watemi wa njia ya misafara walitegemea cha mtu ambaye hakuwa hata ndugu yao.